“More better” inatoka wapi: namna ya kulinganisha vitu kwa Kiingereza

Kiswahili hakigusi kivumishi kinapolinganisha. Mlima Rungwe ni mrefu. Mlima Rungwe ni mrefu kuliko Mlima Mbeya. Mlima Kilimanjaro ni mrefu kuliko yote Afrika. Neno “mrefu” limekaa vilevile mara tatu. Mzigo wote umebebwa na “kuliko”, na mahali pengine ungebebwa na “zaidi ya”, “kupita”, “kuzidi” au “kushinda”. Kiingereza kinaingiza ulinganisho ndani ya kivumishi chenyewe: “high” inakuwa “higher”, kisha “highest”.

Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili huangukia moja ya mashimo mawili. Ama anakiacha kivumishi kama kilivyo na kuandika “Rungwe is high than Mbeya Peak”, ama anaitafuta “zaidi” yake, anapata “more”, kisha anaipachika juu ya neno ambalo tayari limebadilika: “more higher”, “more better”. Waingereza wa zama za Shakespeare walirundika alama mbili namna hiyo bila aibu. Leo mtahini atakupunguzia maksi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: alama moja tu kwa kivumishi kimoja. Ama mkia wa “-er” au “-est”, ama “more” au “most” mbele yake. Kinachobaki ni kujua kipi kinakwenda na kipi.

Kabla ya yote, chagua kivumishi

Hatua hii hurukwa, na ndipo sentensi yenye sarufi safi inapotoka mbaya. “-refu” ya Kiswahili ina maneno matatu ya Kiingereza. Mtu, mti na mnara ni “tall”. Mlima, ukuta, bei na joto ni “high”. Barabara, mto, nywele na safari ni “long”. Barabara ya Mbeya kwenda Dar es Salaam ni “longer” kuliko ya Iringa kwenda Dar es Salaam. Haiwezi kuwa “taller”. Ukirudi upande wa “-fupi”, mtu na barabara wote ni “short”, lakini mlima na bei ni “low”.

Bei ina mtego wake. Bidhaa ndiyo “cheap” au “expensive”, bei yenyewe ni “low” au “high”. Muuzaji wa mchele wa Kyela aseme “My rice is cheaper” au “My price is lower”. “My price is cheaper” husikika hata kwa Waingereza wenyewe, ila kwenye mtihani na barua rasmi iache.

Hesabu silabi kwa kidevu

Urefu wa neno ndio unaoamua, na urefu huo hupimwa kwa silabi zinazosikika, si kwa herufi. Hapa sisi Waswahili tunakosea kwa sababu mbili. Tumezoea kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, kwa hiyo “large” na “nice” huonekana kama zina silabi mbili, kumbe “e” ya mwisho ni bubu na kila neno lina silabi moja. Pili, ulimi wetu hupenda kufunga neno kwa irabu, hivyo “big” huwa “bigi” na “cheap” huwa “chipu”, na hesabu inaharibika.

Weka mgongo wa kiganja chini ya kidevu, tamka neno polepole bila kuongeza irabu mwishoni. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi moja. “Cold” mara moja. “Heavy” mara mbili. “Expensive” mara tatu. “Comfortable” wengine huitamka kwa silabi tatu na wengine nne, lakini kwa jambo letu haina tofauti, kwani kuanzia tatu kwenda juu sheria ni moja.

Silabi moja: mkia, na herufi ya mwisho iangaliwe

Maneno mafupi huongezwa “-er” kwa kulinganisha viwili na “-est” kwa kinachopita vyote: “cold, colder, coldest”, “cheap, cheaper, cheapest”, “old, older, oldest”. Yakiishia na “e”, ongeza “-r” na “-st” tu: “wide, wider, widest”. Ugumu uko kwenye kurudufisha herufi.

Tazama herufi tatu za mwisho. Zikiwa konsonanti, irabu moja, konsonanti moja, rudufisha ya mwisho: “big, bigger, biggest”, “hot, hotter, hottest”, na vivyo hivyo “wet”, “thin”, “fat”, “sad”. Irabu zikiwa mbili kama katika “cheap” na “deep”, usirudufishe. Konsonanti zikiwa mbili mwishoni kama katika “cold” na “thick”, usirudufishe. Na “w” hairudufishwi kamwe: “low, lower”, “new, newer”.

Sheria hii ipo kwa ajili ya msomaji. Konsonanti mbili humwambia kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Linganisha “later”, yaani baadaye, na “latter”, yaani cha pili kati ya viwili vilivyotajwa: “t” moja tu imebadilisha sauti na maana. Ukiandika “hoter”, msomaji anaiona “o” ya “hotel”.

Yako maneno mafupi machache yasiyopenda mkia. “Right”, “wrong” na “real” hutumia “more”, na vivyo hivyo yale yaliyotokana na kitenzi kama “tired” na “bored”: “The porters were more tired than the guide.”

Silabi mbili: hapa ndipo pa kukaa

Neno la silabi mbili linaloishia na “y” iliyotanguliwa na konsonanti hubadili “y” kuwa “i”, kisha hupokea mkia: “heavy, heavier, heaviest”, “busy, busier, busiest”, “early, earlier, earliest”, “dirty, dirtier, dirtiest”. Sheria hiyo ya “y” huligusa hata “dry” lenye silabi moja, linalotoa “drier” na “driest”. Katika “grey”, “y” imetanguliwa na irabu, kwa hiyo inabaki: “greyer”.

Maneno yanayoishia na “-ow” na “-le” nayo hupokea mkia: “narrow, narrower”, “simple, simpler”. Barabara ya Mlima Kitonga ikilinganishwa na ya tambarare: “The road up Kitonga is narrower and steeper.” Maneno kama “clever” na “quiet” hukubali njia zote mbili, ingawa “cleverer” na “quieter” ndizo zitakazokutana nawe zaidi vitabuni.

Mengine yote ya silabi mbili yape “more” na “most”, hasa yakiwa na mkia wake tayari: “-ful” kama “useful” na “careful”, “-less” kama “useless”, “-ing” kama “boring”, “-ous” kama “famous”. Hakuna “carefuller”, hakuna “famouser”. Sababu haihitaji nadharia: neno limeshavaa mkia mmoja, wa pili haukai vizuri. Ukishindwa kabisa kukumbuka neno la silabi mbili liko upande gani, nalo haliishii na “y”, chagua “more”. Utakosea mara chache sana.

Silabi tatu na kuendelea

“More expensive, most expensive”, “more beautiful, most beautiful”, “more dangerous, most dangerous”. Hapana la kuongeza isipokuwa maneno yanayoanza na “un-”, ambayo hufuata lile lililo ndani yake: “unhappy” hutoa “unhappier” ingawa silabi zimefika tatu.

Wakaidi

Haya hayana njia ya mkato, ni ya kukariri. “Good” na “well” huwa “better, best”. “Bad” huwa “worse, worst”. “Much” na “many” huwa “more, most”. “Little” ya kiasi huwa “less, least”. “Far” huwa “farther, farthest” au “further, furthest”; kwa umbali zote mbili ni sawa, ila “zaidi” ya maelezo au ya masomo ni “further” peke yake, kama katika “further information”.

“Worse” na “worst” huchanganywa kwa sababu masikioni zinakaribiana. “Worst than” ni kosa siku zote: penye “than” andika “worse”. “The road is worse than it was last year”, lakini “the worst road in the district”.

Kwa “less” na “fewer”, Kiswahili chako kitakusaidia. Kile unachokiita “-chache” kwa Kiswahili ni “fewer”. Kile unachokiita “kidogo” ni “less”. Magunia machache, “fewer bags”. Maji kidogo, “less water”. Mkulima wa Uyole aliyevuna magunia machache kuliko mwaka jana amepata “fewer bags” na, kwa bahati mbaya, “less money”.

“Elder” ni ya ndugu tu, nayo haifuatwi na “than”. Kaka mkubwa ni “my elder brother”, lakini ukilinganisha umri andika “He is older than me.” Na pale Kiswahili kinaposema “amenizidi miaka miwili”, usitafute kitenzi cha kuzidi. Idadi hutangulia kivumishi: “He is two years older than me.” Vivyo hivyo Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, na Loleza, wenye karibu mita 2,650: “Rungwe is about 300 metres higher than Loleza.”

Baada ya kivumishi: “than”, si “then”

“Kuliko” ya kulinganisha ni “than”. Masikioni haiko mbali na “then”, ndiyo maana kalamu huteleza. “Then” ni ya wakati, yaani kisha. Ukiweza kuweka “kisha” mahali pake na sentensi ikasimama, ni “e”; vinginevyo ni “a”.

Lakini maneno machache yaliyotoka Kilatini huikataa “than” na kutaka “to”: “senior to”, “junior to”, “superior to”, “inferior to”. Kitenzi “prefer” kimo katika kundi hilohilo: “I prefer tea to coffee.” Ukiandika “I prefer more tea than coffee” umekosea mara mbili, kwa kuwa “zaidi” imo tayari ndani ya kitenzi.

Je, “than me” au “than I”? Kwa mazungumzo “than me” haina tatizo. Kwa maandishi rasmi, malizia kwa kitenzi: “She is taller than I am.” Faida nyingine ni kuondoa utata. “She helps him more than me” ina maana mbili. “More than I do” ina moja tu.

Linganisha kitu na mwenzake

Hapa Kiswahili kiko sawasawa, nasi tunakisaliti tunapohamia Kiingereza. Hakuna anayesema “viazi vya Njombe ni vikubwa kuliko Dodoma”. Tunasema “kuliko vya Dodoma”, kwa sababu viazi hulinganishwa na viazi, si na mkoa. Ile “vya” ina neno lake la Kiingereza: “those of” au “those from” kwa wingi, “that of” au “that in” kwa umoja. “Potatoes from Njombe are bigger than those from Dodoma.” “The climate of Makete is colder than that of Kyela.” Kila unapoandika “than”, jiulize kama Kiswahili kingeweka “ya”, “vya”, “wa” au “za” baada ya “kuliko”. Kingeweka, nawe weka “that” au “those”.

Kuongeza nguvu

“Kubwa sana kuliko” huzaa “very bigger than”, nayo haipo. “Very” hukaa na kivumishi ambacho hakijabadilika: “very big”. Kikishabadilika, nguvu huongezwa na “much”, “far” au “a lot”, na hupunguzwa na “slightly” au “a little”. Kyela ina joto zaidi, tena sana, kuliko Mbeya mjini: “Kyela is much hotter than Mbeya.” Bora zaidi sana ni “much better”, na hapo ndipo kiu ya kusema “more better” inapopata dawa yake. Kwa kinachopita vyote tumia “by far”: “by far the cheapest”.

Mara mbili na mara tatu hutumia “as ... as”: “twice as expensive as”, “three times as big as”. Na kulingana kabisa ni “as cold as” au “the same as”. “The same like” na “as same as” ziache barabarani.

Kinachopita vyote: “the”, “in” na “of”

Kiswahili hakina “the”, kwa hiyo huachwa: “She is best student.” Mbele ya “-est” au “most” weka “the”, isipokuwa pakiwa na mwenye mali: “my best friend”, “our oldest customer”. Ukiona “most” bila “the”, maana ni nyingine kabisa, yaani walio wengi: “Most shops were closed.” Hapo usiandike “most of shops”, ni “most shops” au “most of the shops”.

Mahali na kundi huchukua “in”. Idadi na kipindi huchukua “of”. “-a” yetu ndiyo hutuvuta kuandika “of” kila pahali. “The highest mountain in Africa”, “the tallest boy in the class”, lakini “the cheapest of the three”, “the coldest month of the year”. Vikiwa viwili tu, uandishi rasmi hutaka “-er” hata kwa mshindi: “the taller of the two sisters”.

“La tatu kwa ukubwa” huwasumbua waongoza watalii, nao huishia kusema “number three big”. Namba ya mpangilio hukaa kati ya “the” na kivumishi: Ziwa Nyasa ni “the third largest lake in Africa”, baada ya Victoria na Tanganyika. Hifadhi ya Ruaha ilikuwa kubwa kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania mpaka 2019, ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bango la zamani lililoandikwa “the largest national park in Tanzania” sasa lisomeke “the second largest”. Ndiyo maana, pale usipokuwa na uhakika, ni salama kutumia “one of the”. Tahadhari: nomino inayofuata lazima iwe ya wingi. Kimondo cha Mbozi ni “one of the heaviest meteorites in the world”, kamwe si “one of the heaviest meteorite”.

Swali la kugeuza sentensi

Mtihani hupenda kutoa sentensi moja na kutaka iandikwe upya kwa mwanzo mwingine bila kubadili maana. Chukua hii: “Neema is the tallest girl in the class.”

Ukitakiwa kutumia “taller”, andika “Neema is taller than any other girl in the class.” Neno “other” lina kazi. Neema naye ni msichana wa darasa hilo. Ukiandika “than any girl in the class” umesema ni mrefu kuliko nafsi yake. Lakini ukimlinganisha na darasa lingine, “other” haihitajiki: “Neema is taller than any girl in Form One”, yeye akiwa kidato cha pili.

Ukiambiwa uanze na “No other”, kivumishi kinarudi katika umbo lake la kawaida: “No other girl in the class is as tall as Neema.” Kosa linaloongoza hapa ni “No any other girl”. “No” imeshameza “any”, hazikai pamoja.

Sentensi ya “one of the” hugeuzwa kwa “Very few”: “Very few meteorites in the world are as heavy as the Mbozi meteorite.” Na ya “not as ... as” hugeuzwa kwa kubadilishana nafasi: “Iringa is not as far as Mbeya” inakuwa “Mbeya is farther than Iringa”, mradi msemaji yuko Dar es Salaam. Akiwa Tunduma, maana imepinduka.

Kadiri na kuzidi

“Kadiri unavyopanda, ndivyo baridi inavyozidi” ni sentensi ambayo mtu wa Nyanda za Juu Kusini ataihitaji siku moja. Kiingereza chake kina “the” mbili na vivumishi viwili vilivyobadilika, vikitenganishwa na mkato: “The higher you climb, the colder it gets.” Mgeni anayetoka Matema, kwenye karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenda Kitulo, penye zaidi ya mita 2,600, ataielewa bila kutafsiriwa. Usianze na “As” kisha ukamalizia na “the”. Chagua muundo mmoja.

“Kuzidi” ya hatua kwa hatua hurudia neno: “colder and colder”, “heavier and heavier”. Neno likiwa refu, kinachorudiwa ni “more” peke yake: “more and more expensive”, si “more expensive and more expensive”.

Vielezi

Hufuata njia ileile, ila vingi vina “-ly”, navyo vyote huchukua “more”: “more slowly”, “more carefully”. “Fast”, “hard”, “late” na “soon” havina “-ly” katika maana hii, kwa hiyo hupokea mkia: “The bus from Tunduma arrived later than the one from Songea.” “Early” inaonekana kama ina “-ly” ya kuongezwa, kumbe ni sehemu ya neno, ni “earlier”.

Kukagua ulichoandika

Usisome kazi yako kwa mpangilio wa kawaida, macho yatateleza. Tafuta neno moja moja. Anza na kila “more” na “most”, tazama neno linalofuata kama lina “-er” au “-est”. Likiwa nayo, futa mojawapo. Kisha kila “than”: kivumishi kilichotangulia kimebadilika? Kinacholinganishwa pande zote mbili ni cha aina moja? Halafu kila “-est”: pana “the” au mwenye mali mbele yake? Mwisho kila “one of the”, uangalie wingi. Kwenye insha ya ukurasa mmoja kazi hii haifiki dakika tano, na kwenye chumba cha mtihani ni bora uianze kabla msimamizi hajatangaza zilizobaki.